Msandali wa Koko Umezaa

Kuna siku moja naikumbuka kila nikisikia pikapu inanguruma huko vichakani, mwanangu. Nilikuwa kidato cha pili, nimekwenda likizo kwa Koko, bibi yangu mzaa baba, huku magharibi ya Mlima Meru. Wenzetu wa Nkoaranga, upande wa pili wa mlima, wana migomba na kahawa. Sisi tuna miiba, vumbi na mbuzi. Zamani tulikuwa na misandali pia.

Wanunuzi walikuja na pikapu, na vijana wa ukoo wetu wenyewe wakaichimba. Nasema wa ukoo wetu, nisije nikasingizia wageni. Msandali hawaukati tu, wanaung'oa mpaka mizizi, maana mafuta ya manukato yamo hata humo. Hakibaki kisiki cha kuchipua. Ukabaki mmoja, nyuma ya zizi la Koko.

Siku hiyo baba mdogo alitoka kwake Engutoto na sululu na kiroba.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuuhamisha huu mti. Kwangu kuna ukuta na mbwa. Hapa wataung'oa tu."

"Marahaba. Na majirani zake utawabeba na nini?"

"Majirani gani, mama? Mbuzi?"

Tulicheka. Koko hakucheka. Alinipa kijiti. "Wewe unayeulizauliza kila kitu, fukua hapo. Taratibu."

Nikafukua. Mzizi mwembamba wa msandali ulikuwa umeung'ang'ania mzizi wa kichaka cha pembeni, kama wewe ulivyong'ang'ania titi langu. Nikauliza, umenasa?

"Unakula," alisema Koko. "Huu hauli peke yake. Upeleke kwenye ukuta wako, utakufa njaa mbwa wako akiutazama."

Baba mdogo akaweka sululu chini. "Basi tungoje matunda, nipande mbegu."

"Matunda ya wapi? Huu ni jike. Dume lilikuwa korongoni, mkalichimba."

Ni kama mipapai, mwanangu. Jike bila dume linachanua bure. Baba mdogo alilikodolea macho korongo. Mimi nilirudisha udongo juu ya ule mzizi kwa viganja, nikijiuliza mti unawezaje kuwa na njaa na mchumba, vyote viwili.

Sasa sikia kinachonichoma. Kwetu mwanamke akijifungua anapikiwa supu ya mbuzi iliyochemshwa na gome la msandali, nyekundu, chungu kidogo. Shangazi zako wote wamekunywa. Nilipokuzaa wewe, Koko aliniletea supu nyeupe. "Niubandue gome huu wa mwisho?" aliniuliza. Nikainywa na machozi ya hasira, si kwa Koko, ni kwa wale waliochimba, ambao leo ndio wa kwanza kusimama kanisani kuombea mvua. Ndiyo, wanasema mti huu unatishiwa kutoweka, kuuvuna bila kibali ni marufuku. Vizuri. Lakini marufuku hailali nyuma ya zizi. Anayelala pale ni Koko.

Juzi nilikubeba mgongoni kwenda kumsalimia. Nikaona vitu vidogo kwenye matawi, vya njano, vingine vinaanza kuwa vyekundu. Nilipiga kelele hadi ukaamka.

"Koko! Umezaa!"

"Nimeona. Nimekaa kimya."

"Kwa hiyo dume lipo?"

"Lipo mahali. Nyuki wanapajua."

"Twende tukalitafute!"

"Ukilijua utalisema."

"Kwa nani? Siwezi."

"Mumeo akikuuliza usiku?"

 Koko akacheka mpaka akashika kiuno. Tuliokota yaliyoanguka, tukayafukia kwenye mashina ya vichaka, yakichipua yawe na pa kushika.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuambia wazi. Uliza sana, lakini fukua kwa kijiti, sio sululu. Kichaka ukikiona hakina maana, usikifyeke, hujui nani anakula kwake. Ukipenda kitu, usikimbilie kukibeba ukakifungie kwako. Na mtu wa pikapu akikuuliza dume liko wapi, mwambie hujui. Utakuwa husemi uongo, maana mimi mama yako sijui, na sitaki kujua, ingawa kila nikipita korongoni shingo inageuka yenyewe.

Mungu akukuze, akuzungushie watu wa kushikana nao chini kwa chini. Na siku utakayojifungua wewe, mwanangu, supu yako iwe nyekundu.