Buibui Niliyemlaza Ubavu

Juzi nilikuwa nafagia nyuma ya pipa la maji hapa nyumbani Turwa, ufagio ukakokota kitu chepesi kama ganda la kitunguu. Nikakiokota. Buibui mkubwa, miguu yote minane, manyoya yote, ndani hamna kitu. Mjukuu wangu Rhobi, ambaye ni mwalimu wa sekondari, na nitalisema hilo kila ninapopata nafasi, akacheka. "Bibi, huyo hajafa. Kavua ngozi ili akue. Hulala chali akijivua, na ukimgusa saa hiyo unamuua."

"Najua," nikamwambia. Nikakaa chini.

Nilizaliwa Kenyamonta, kwenye boma lenye ng'ombe wengi. Kaka zangu kila mmoja alikuwa na ndama wake. Msichana hapewi, msichana ndiye huleta ng'ombe akiolewa. Basi nikajipa buibui. Nilimchimbua shimoni kule malishoni, rangi ya udongo, mnene kama kidole gumba. Nikamweka kwenye chungu kilichopasuka mdomo, juu nikafunika jiwe bapa. Kila asubuhi nilimpa panzi. Nikamwita Ng'ombe.

Kaka yangu Chacha akiniona tu huuliza, "Leo umekamua vibuyu vingapi?"

"Tia mkono ukamue mwenyewe," namjibu. Hakutia.

Siku moja nikakuta chunguni kuna miguu mingi kuliko ya buibui mmoja, na Ng'ombe kaongezeka. Nikajua amekula mgeni, akabakiza manyoya. Nikamsifu sana.

Mwaka huo mama akaugua. Kwanza alikataa uji, kisha maji, halafu akalala chali akitazama paa, akafa. Wanawake walilia mpaka mbwa wakajificha. Mimi sikulia. Shangazi alinifinya paja ili nilie.

"Huyu mtoto ana tumbo la jiwe," akasema.

Hata paja halikuuma. Nilitazama tu walivyomlaza kaburini: ubavu wa kushoto, maana kwetu mwanaume hulalia kulia na mwanamke kushoto.

Wiki haikuisha, Ng'ombe naye akakataa panzi. Asubuhi nikamkuta chali, miguu juu. Sikushtuka. Niliona tu kwamba amelala vibaya. Nikamgeuza kwa kijiti, ubavu wa kushoto, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua ni jike, nikamfukia nyuma ya ghala. Nikaenda kuchota maji.

Kesho yake nikafukua. Nilitaka kuona aliyezikwa anafanya nini huko chini. Alikuwa ametoka nusu katika ngozi yake. Miguu mitatu mipya, myeupe, laini kama ugali mbichi, imejaa udongo. Mingine ilinasa ndani. Alikuwa hai nilipomzika.

Nikamweka kiganjani, nikamfuata baba, ambaye tulimwita tata. Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Tata," nikamwambia, "tumfukue mama."

Tata alikuwa mtu wa fimbo. Nikasimama nikingoja fimbo. Akauliza kwa nini, nikafungua kiganja, nikamweleza nilichofanya. Alimtazama yule buibui muda mrefu.

"Mama yako nilimshika mwenyewe," akasema. "Miguu ilikuwa baridi. Kifua kilikuwa baridi. Nilimshika."

Akachonga kidogo, akaacha. "Nilimshika," akasema tena.

Kisha akaondoka, akaenda kukaa kwenye udongo wa kaburi, kichwa kakiinamisha upande mmoja, hadi mifugo iliporudi. Nilidhani amenikasirikia. Siku nyingi sikumsogelea.

Tangu hapo nimemzika mume, nimezika na watoto wawili. Wote niliwashika kwa mikono yangu, wote walikuwa baridi, na hakuna wa kuniambia vingine. Na kila mara, watu wakishatawanyika, nimebaki pale kwenye udongo peke yangu, nasikiliza.