Rispa wa Kaloleni anawasafishia shomoro nyumba huku akimngojea mjukuu

Jua la asubuhi limefika kwenye ukuta wa nyuma, na hilo ndilo Rispa Okumu alikuwa akilingoja. Anakaza leso kiunoni, anavua saa ya mkononi na kumpa jirani amshikie, kisha anapanda ngazi ya mbao polepole, mkono mmoja ukiwa ukutani.

Huko juu, chini ya ukingo wa paa, kumetundikwa kijumba cha mbao chenye tundu la mviringo. Rispa anatega sikio kwenye tundu. Anagonga kwa kidole. Anasikiliza tena.

"Wameenda wote," anasema. "Jana mmoja alikuwa bado anazubaa hapa mlangoni. Kitinda mimba huyo, hakutaka kutoka."

Anakishusha kijumba, anafungua kifuniko na kukung'utia kiota kizima juu ya shuka jeupe alilotandika sakafuni. Yanatoka majani makavu, nyuzi za gunia na vipande vya nailoni. Kisha anachuchumaa na kungoja. Baada ya muda mfupi, kilichoonekana kama vumbi jekundu kwenye shuka kinaanza kutembea.

"Ona," anasema, bila furaha yoyote. "Hawa ndio walinifukuzia mjukuu."

Ni utitiri. Yeyote aliyewahi kufuga kuku anaujua. Ni mdudu mdogo sana anayenyonya damu ya ndege usiku, na mchana akajificha kwenye nyufa za mbao kana kwamba hajui lolote. Wengi wa majirani hapa Kaloleni, katika nyumba hizi za zamani za baraza la jiji, hawakuwa na habari naye hadi alipoingia kitandani mwa mtoto.

Rispa ana miaka 59, na kazi yake ni kunyonyoa kuku. Kila Ijumaa hadi Jumapili, wateja wanapofurika, utamkuta kwenye kibanda cha kuku karibu na nyumbani, maji yakichemka kwenye sufuria kubwa mbele yake. Hulipwa shilingi hamsini kwa kila kuku aliyemsafisha. Vidole vyake vimekauka kwa maji moto, na anasema hata pete ya ndoa aliacha kuivaa ili isimpotelee ndani ya matumbo ya kuku.

Vijumba vya ndege ni kazi ya mumewe. Marehemu Zedekiah alikuwa seremala katika karakana ya reli, na alipostaafu hakuweza kukaa bure. Akawa ananunua mbao za paleti kuukuu kule Industrial Area, anazibeba begani hadi nyumbani na kuwatengenezea shomoro nyumba. Kimoja alikitundika nje ya dirisha la chumba cha kulala. Vingine akawagawia majirani, walipenda wasipende.

"Mimi aliniletea hiki bila kuniuliza," anasema Waruguru, ambaye hapa wanamwita Mama Kim, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeshika ile saa. "Nikamwambia huyu Mama Celine, mzee wako amefungua gesti ya ndege kwangu, na leseni ya kaunti hana."

Anacheka, na Rispa anacheka pia, lakini kicheko chake hakikai.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, Zedekiah aliugua kifua na kushinda kitandani kando ya lile dirisha. Kazi yake ikawa kuwatazama shomoro wakiingia na kutoka. Siku moja aliona shomoro jike akihangaika na unyoya mmoja mdomoni, upepo ukimpokonya, naye anaurudia. Mkewe aliporudi kutoka kibandani, alimwambia maneno ambayo Rispa anayakumbuka mpaka leo.

"Aliniambia, 'Rispa, nyinyi huko mnatupa magodoro ya watu.'"

Tangu siku hiyo Rispa akaanza kubeba manyoya. Hakuchukua yale ya maji moto, maana hayo hugandamana yakawa kama uji. Alichagua yale laini ya kifuani, akayanyofoa kabla kuku hajatumbukizwa sufuriani. Akayatia kwenye karatasi ya kaki, na jioni akayamwaga uani. Shomoro waliyagombania, na mgonjwa dirishani akawa anacheka mpaka anakohoa.

Zedekiah alifariki miaka minne iliyopita. Rispa hakuacha kuleta manyoya.

"Nilikuwa nawawekea wao, lakini moyoni naona ni kama namwekea yeye," anasema. "Hakuna aliyeniambia manyoya makavu yanabeba wadudu. Na mimi ndiye ninayeshika kuku kila wiki! Nilijua maji moto yanaua kila kitu. Sikufikiria yale ambayo hayajaguswa na maji."

Wema ulimponza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alipofika, wenyeji walianza kujikuna.

Aliyeumia zaidi ni Tiffany, mjukuu wa miaka mitatu. Binti yake Rispa, Celine, anaishi mtaa wa Baba Dogo na mumewe na anafanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha nguo. Kwa muda mrefu mtoto alikuwa akishinda na kulala kwa nyanya yake tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Alilala kwenye kitanda cha dirishani, na asubuhi kabla hajaosha uso alisimama juu ya godoro kuwasalimia aliowaita "ndege za babu".

Kisha vipele vikaanza. Vilitokea kwanza shingoni, vikafuata mikononi, na mtoto akawa anajikuna usiku akilia usingizini. Kliniki wakampa dawa ya kupaka. Watu wakasema ni kunguni, na Rispa, ambaye nyumbani mwake huwezi kuokota hata unyasi sakafuni, aliona aibu ya kufa mtu. Aliuanika mto, akachemsha mashuka, na mwishowe akalichoma godoro zima nyuma ya nyumba huku majirani wakichungulia.

Godoro jipya likaja, na vipele vikazidi. Ajabu ni kwamba vilizidi wiki ileile makinda yaliporuka na kijumba kikabaki kitupu.

Celine ndiye aliyegundua. Jumatano moja jioni alikuja kumwona mtoto, akapanda kiti ili afungue dirisha, akaona ukuta unatembea. Akafuata mstari mwekundu wa wadudu kwa macho mpaka kwenye kijumba. Akachungulia ndani na kukuta kiota kimeshindiliwa manyoya ya kuku.

"Akaniuliza, 'Mama, ni wewe unaletea mtoto wangu hawa wadudu kwa karatasi?' Na ilikuwa kweli," anasema Rispa. "Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua nguo zake. Aliniambia, 'Atarudi hawa wadudu wakiisha.' Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za masika. Tangu wakati huo Tiffany hushinda kwa mwanamke mmoja huko Baba Dogo anayelea watoto wa wenzake kwa malipo. Rispa amemwona mara chache, kwenye simu zaidi kuliko ana kwa ana. Anasema siku mbaya kwake ni Jumatatu, kwa sababu ndiyo siku mtoto alikuwa akiletwa, na mpaka leo mlango ukibishwa asubuhi ya Jumatatu anainuka haraka kuliko umri wake unavyoruhusu.

Mwandishi anamuuliza swali ambalo hata wewe msomaji unalo mdomoni. Kwa nini asivitupilie mbali vijumba hivyo, mambo yakaisha?

Rispa anaondoa kibanzi kwenye mbao kwa ukucha.

"Nilichukua nyundo," anasema. "Shomoro walikuwa wamesharudi. Nikapanda, nikasikia makinda ndani yanalia. Nikajiambia, Rispa, umefukuza mtoto wako, sasa unaenda kufukuza wa mwenzako? Nikashuka. Na hata ningetoa, hii ni mikono ya Zedekiah. Naitupa wapi?"

Waruguru ndiye aliyemletea suluhisho la kwanza, chupa ya dawa ya kupe wa ng'ombe aliyoazima kwa shemeji yake. Rispa alibahatika kupita kwanza kwa Muthama, muuza dawa za mifugo, kuuliza kipimo. Muthama aliposikia dawa inaenda wapi, aliichukua ile chupa na kuiweka nyuma ya kaunta.

"Nilimwambia, mama, ukipuliza hii leo utaua makinda, na sumu itabaki dirishani ingoje mjukuu wako," anasema Muthama. "Pia nilimweleza kwamba ndege wakihama, utitiri unabaki na njaa. Ndiyo unatoka kutafuta damu kwa binadamu. Kwa hivyo kijumba kitupu ndicho cha kuogopa."

Hapo Rispa akaelewa kwa nini mtoto aliumwa zaidi baada ya ndege kuondoka. Akaelewa pia kwamba lazima asubiri, kitu ambacho kwa mtu mwenye hamu ni adhabu.

Alisubiri makinda yaruke. Siku hiyohiyo akafanya anachokifanya asubuhi hii mbele yetu. Kiota anakifunga ndani ya shuka, anakitia kwenye debe na kukichoma. Kijumba anakimwagia maji yanayotokota, sufuria baada ya sufuria. Hii ni kazi anayoijua, na mikono yake haishtuki kwa mvuke. Anasugua kila kona kwa brashi ya waya, kisha anakianika juani mpaka mbao zinalia. Zikishakauka, anayeyusha mshumaa na kuziba nyufa zote ili mdudu akose pa kulala mchana.

Kile cha dirishani hakukirudisha mahali pake. Alikipeleka ukuta wa mwisho wa ua, mbali na kitanda, na kwa wiki kadhaa hakuna shomoro aliyekitazama. Rispa anakiri kwamba alilia. Kisha asubuhi moja akaona jani kavu linaning'inia kwenye tundu.

Manyoya hawaletei tena. Gauni la kazi huliacha kibandani, na huoga kabla ya kuingia chumbani. Na kwa kuwa utitiri haujui mpaka wa jirani, amezunguka kwa kila aliyepewa kijumba na Zedekiah, akingoja kila familia ya ndege iondoke kwa wakati wake. Hawamlipi. Wengine humpa chai, wengine humwambia akitoe kabisa, naye hukibeba mwenyewe nyumbani.

Hiki cha Waruguru ndicho cha mwisho.

Maji yamechemka mara ya tatu wakati simu ya Rispa inapolia kwenye kibaraza. Mikono imelowa, kwa hiyo Waruguru anambonyezea na kuweka spika. Ni Celine, yuko kwenye mapumziko ya zamu, mashine zinasikika nyuma yake.

"Mama, sasa?"

"Poa, nyarwa," anasema Rispa, akimwita binti yake kwa Kijaluo. "Namaliza cha Mama Kim hapa. Ndicho kilikuwa kimebaki. Celine, chumba ni safi. Nakwambia ni safi, Jumamosi mlete Tiffany."

"Mama, unajuaje? Hao hawaonekani mchana."

"Najua kwa sababu nimekuwa nikilala hapo. Kitanda cha mtoto. Mwezi mzima, dirisha wazi, mikono nje ya blanketi. Sijaumwa hata mara moja."

"Yaani umekuwa ukilala hapo ukingoja kuumwa?"

"Sasa ningemwekea nani hapo, Celine? Nimwambie Mama Kim aje ajaribu?"

Waruguru anataka kucheka, anaona uso wa mwenzake, anaacha.

"Mama," Celine anasema, na sauti yake imeshuka, "Tiffany haji Jumamosi."

Rispa anafumba macho. Anaitikia kwa kichwa, kana kwamba binti yake anamwona.

"Sawa, mwanangu. Hakuna neno. Wewe ndiye mzazi."

"Ngoja nimalize. Tiffany atabaki na babake. Nitakuja mimi. Nitalala hapo kwanza, mimi mwenyewe. Wewe umeshaumia vya kutosha. Nikiamka vizuri, Jumatatu namleta. Uko hapo? Mama?"

Waruguru ndiye anayesema kwa niaba ya Rispa kwamba amesikia, karibu sana, na simu inakatika kwa sababu mapumziko yamekwisha.

Maji yanaendelea kutokota. Rispa anakaa kwenye ngazi ya kibaraza na kujifuta uso kwa ncha ya leso.

"Miezi yote hii nimekuwa nikisema nina hamu na Tiffany," anasema. "Kila mtu nimemwambia Tiffany, Tiffany. Kumbe Celine naye sijamwona akikaa chini kwangu tangu ile Jumatano. Nilikuwa nimemkosa mtoto wangu na sikuwa nalisema."

Anamuuliza Waruguru kama anaweza kumuazima godoro la ziada. Celine atalala kwenye kitanda cha dirishani Jumamosi, na Rispa amepanga kulitandika hilo chini, alale papo hapo kando yake.