Mguu Wangu Mpaka Chini

"Hapana, mzee, pikapu yetu haina kompyuta! Mkitaka ifungueni yote!"

Ndivyo nilivyokuwa nikimjibu mzee wa ukaguzi Jumamosi ile, mbele ya vijana wote, kwenye barabara ya zamani ya miwa nje kidogo ya Msambweni. Zamani alikuwa fundi wa matrekta, na sasa ndiye aliyesimamia sheria za resi zetu. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: gari za kabureta tu, za zamani zisizo na kompyuta, na chochote cha umeme kinachomsaidia dereva, nje. Zile mvua za El Nino zilikuwa zimeshapita, gari za kutoka Dubai zenye kompyuta zimejaa Ukunda, na vijana wenye gari kuukuu walikuwa wamechoka kuachwa.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne. Msichana peke yangu, na siku ile nilikuwa nimewashinda wote. Fainali ilikuwa kesho yake.

"Gari inajiendesha, dada!" mmoja alipiga kelele. "Wewe umepanda tu, lipa nauli!"

"Na wewe uliyeachwa na abiria, tukuiteje?"

Walicheka. Mzee hakucheka. Alifungua boneti, akafuata waya kwa kidole, akatazama koili, akatazama kabureta. Hakuona kitu. Mimi nilikuwa nangoja aseme basi, wote wasikie.

"Mwanangu," aliniuliza taratibu, "ukiachia klachi, mafuta unakanyaga vipi?"

"Mpaka chini," nilisema kwa sauti. "Siogopi mimi."

Vijana walitazamana. Nilidhani wamenistaajabia.

"Pikapu tupu, nyuma nyepesi, juu ya changarawe," mzee alisema. "Ukikanyaga mpaka chini, tairi zinachimba shimo hapo hapo. Hawa wote wanakanyaga kidogo kidogo, huku wanasikiliza. Yako mbona haichimbi?"

Nilimtazama kaka yangu, ambaye ndiye aliyeiunda ile injini kwenye gereji yake ya Kona ya Musa. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Nendeni," mzee alisema. "Kesho nitaikagua tena. Nikipata kitu, nyote wawili hamtakanyaga hapa tena."

Tulipofika nyumbani sikungoja hata kunywa maji. Mzee alitazama injini tu, kwa hivyo nilichukua bisibisi nikang'oa redio ndani. Nyuma yake kulikuwa na kiboksi cheusi kama kiberiti, waya wake umefungwa pamoja na waya za taa, unaelekea kwenye injini.

"Hiki nini, kaka?"

"Kinakata moto wa plagi injini ikizidi kasi," alisema bila kunitazama. "Ndiyo maana tairi hazizunguki bure. Nilitaka ushinde, mdogo wangu. Walikuwa wanakucheka."

"Kwa hivyo sijui kuendesha."

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Tangu siku ya kwanza, kanyaga mpaka chini, kanyaga mpaka chini! Umenifundisha nini?"

Alinisihi tukitoe kimya kimya, kesho nikimbie bila hicho, na hakuna atakayejua. "Hao vijana ndio wanaoniletea gari. Wakijua, nitamtengenezea nani?"

Alipoingia ndani nilibaki nimekaa kwenye pikapu, injini imezimwa, najaribu kukanyaga nusu. Mguu haukujua nusu. Ulishuka tu mpaka chini, kila mara, kama jiwe. Nililia kwa hasira, mama akaniita nikale, nikabaki kwenye usukani. Nikisema, kaka anapoteza wateja wake. Nikinyamaza, nitasimama kwenye mstari na watu niliowashinda kwa kitu kisichokuwa changu, na hata nikishinda tena sitajua nimeshinda kwa nini. Kila upande niliogeukia ulikuwa mbaya, na jua lilikuwa linazama, na fainali ilikuwa haingoji.

Mwishowe nilikata ule waya kwa koleo. Niliamua kwamba asubuhi, kabla kaka hajaamka, nitaondoka na pikapu peke yangu mpaka Msambweni, nimpe mzee shikamoo na kile kiboksi mkononi, nimwambie ushindi wa jana aufute. Kisha nimwombe aniache nikimbie mara moja tu, bila kushindana na mtu, tairi zichimbe zinavyotaka, anisimamie pembeni anionyeshe nusu iko wapi.