Nimetuma Kama Nilivyopokea

Wanafunzi walimpa jina la Nani Kasema. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Kwa miaka kumi na minne alifundisha Kiswahili kidato cha pili, na kila Jumatano aliweka kando ngeli na insha akafundisha habari. Alikuja na kipande cha gazeti, au ujumbe wa simu aliounakili kwa mkono, akauandika ubaoni, kisha akauliza maswali yake matatu kwa sauti ya mtu anayegonga mlango ambao wenyewe hawataki kuufungua: Nani kasema? Alikuwepo? Wewe umeona nini kwa macho yako?

"Baba kasema, mwalimu."

"Baba alikuwepo?"

"Hakuwepo. Kaambiwa kazini."

"Na huko kazini?"

Hapo darasa zima liliitikia kama kwaya, "Naaani kasemaaa!" na yeye akacheka, chaki imemtapakaa begani, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

Siku ya Jumanne walipovunja kasha la Mama Barafu, alikuwa chumba cha walimu akisahihisha. Alisikia kelele getini, akadhani ni watoto wa mapumziko. Kisha akasikia sauti ya mtu mzima ikilia, akatoka mbio na kalamu nyekundu mkononi.

Mama Barafu alikuwa akiuza barafu za matunda nje ya geti lile kwa mwaka wa tisa. Alizifunga kwenye vifuko vyembamba, akazipanga ndani ya kasha jeupe lililofunikwa kitambaa. Aliwajua watoto kwa meno yao. "Wewe jino lako bado bovu," angesema, "sikuuzii. Rudi ukishang'oa." Mtoto angenuna, na yeye angemfukuza kwa kitambaa kama anafukuza nzi.

Sasa kasha lilikuwa vipande vitatu. Barafu nyekundu na za njano zilikuwa zinayeyuka mchangani, na wazazi watano walikuwa wamemzingira, mmoja ameinua mwavuli. Mama Barafu alikuwa amepiga magoti, anaokota vifuko na kuvifuta kimoja kimoja kwa kanga yake, kana kwamba kuna atakayevinunua tena.

"Mna wazimu?" mwalimu alifoka. "Mmekula nini leo?"

Baba mmoja aliyevaa ovaroli ya gereji akamgeukia. "Mwalimu, hujasikia? Watoto kumi na saba wamelazwa. Dawa ya panya, ndani ya barafu!"

"Wamelazwa hospitali gani?"

"Imetumwa, mwalimu."

"Imetumwa na nani?"

"Kila mtu anayo!" Akamwekea simu sikioni. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikilia ndani yake: *Wazazi wenzangu, tuwe macho, tusije tukazika. Huyo muuza barafu wa getini ni muuaji. Nimetuma kama nilivyopokea.*

Maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyomkata maini. Nimetuma kama nilivyopokea! Bomba la maji machafu likipewa mdomo litasema hivyo hivyo: mimi sikuyachafua, nimeyapitisha tu. Aliwatazama wale watu watano, watu wazima wenye akili zao, wanaojua kusoma, na akatamani kuwachapa mmoja mmoja kwa rula mbele ya watoto wao.

"Ondokeni hapa," alisema. "Ondokeni kabla sijasahau kwamba ninyi ni wazazi."

Waliondoka. Mama Barafu naye akaondoka, vipande vya kasha kichwani. Hakumshukuru mwalimu wala hakumtazama.

Mkuu wa shule alikuwa ameyaona yote kutoka dirishani. "Tuyaache yapoe yenyewe," alisema, akinyoosha karatasi zilizokuwa tayari zimenyooka. "Yule mama si mfanyakazi wetu."

"Miaka tisa yuko getini kwetu, Mkuu."

"Nje ya geti, mwalimu. Nje."

Jioni ile ile tangazo likabandikwa getini: WANAFUNZI WASINUNUE KITU CHOCHOTE NJE YA SHULE. Mwalimu alilisoma mara mbili, akahisi damu inampanda kichwani. Kila atakayepita atalisoma na kusema, kumbe kweli. Shule imethibitisha.

Nyumbani alimkuta mdogo wake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, anapunguza nguo kiunoni, pini mdomoni. Akamsimulia yote. Mdogo mtu akatoa pini moja baada ya nyingine, polepole mno.

"Dada, usinikasirikie."

"Usiniambie."

"Nami niliituma. Lakini kwa wema, dada! Nilisema bora watu waogope bure."

"Wewe? Wewe uliyekua unanyonya barafu zake mpaka ulimi unakuwa mwekundu? Unamjua yule mama!"

"Ndiyo maana nilishtuka."

"Ulishtuka kidole? Kidole ndicho kilichoshtuka kikabonyeza?"

Alizima jiko, chakula hakijaiva, akakaa. Wema! Laiti ungekuwa ni ubaya, angejua pa kuuelekeza mkono. Kisha akauliza, kwa sauti ya darasani, "Nani alikutumia?"

Ndivyo msako ulivyoanza. Kesho yake aliandika MAMA BARAFU mwishoni mwa ubao, akawaambia wanafunzi: "Hamtagombana na mtu. Mtauliza nyumbani maneno mawili tu. Nani alikutumia, na ilikuwa imesemaje. Tutarudi nyuma mpaka tumfikie aliyeanza."

Kila asubuhi waliongeza mshale. Mdogo wake alitumiwa na kinyozi, kinyozi na dereva, dereva na shemeji yake, shemeji na karani wa stoo. Na kadiri mishale ilivyorudi nyuma, habari ilikuwa ikikonda. Kwa karani, dawa ya panya ilikuwa dawa ya usingizi. Hatua mbili nyuma yake, watoto kumi na saba walikuwa saba. Nyuma zaidi, barafu haikuwa barafu bali juisi, na muuzaji hakuwa wa getini ila "wa karibu na shule". Wanafunzi walipiga meza kwa furaha kila uongo ulipovuliwa nguo moja. Mwalimu naye alikuwa na furaha, ila furaha yake ilikuwa na meno. Usiku hakulala vizuri kwa kumfikiria huyo mtu: sura yake, uvivu wake, roho yake mbaya.

"Nikimpata," aliwaambia, "nitamsimamisha hapa hapa, mbele yenu, mumwone. Mtu aliyekaa akatunga jambo kama hili lazima aonekane."

Walishangilia mpaka darasa la jirani likagonga ukuta.

Jumatatu, msichana wa dirishani, waliyemwita Kimya kwa kuwa hakuwahi kujibu mpaka aulizwe mara mbili, aliingia ameshika simu ya mama yake kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, naomba nikuoneshe nje."

"Hapa hapa, mwanangu. Mbele ya wote."

"Afadhali nje, mwalimu."

"Nimesema hapa. Hatufichi kitu darasani humu."

Kimya akamwekea simu mezani, akarudi nyuma hatua mbili.

Ilikuwa picha ya ubao. Ubao huu huu. Msumari wa kutundikia ramani ulionekana juu, na chini yake mwandiko wa duara, mwandiko wake mwenyewe: *Watoto saba wamelazwa baada ya kunywa juisi yenye dawa ya usingizi iliyouzwa karibu na shule.*

Akakumbuka. Jumatano tatu zilizopita hakuwa amepata gazeti, akatunga habari yake, yenye makosa matatu ya kutafutwa: haina tarehe, haina jina, haina shahidi. Lilikuwa zoezi moja kati ya mengi, likafutwa ubaoni siku ile ile, na vichwani pia. Na kama kila Jumatano, aliupiga picha ubao awatumie wazazi kwenye kundi la darasa, ili watoto waliokosa wanakili. Chumba kilikuwa chembamba na ubao mrefu, hauenei kwenye picha moja. Siku zote alipiga mbili. Nusu ya kushoto ilikuwa na herufi kubwa: ZOEZI. HABARI HII SI YA KWELI. TAFUTA MAKOSA. Nusu ya kulia ilikuwa na habari yenyewe.

"Mama anasema ya kwanza haikufunguka," Kimya alinong'ona. "Mtandao ulikuwa mbaya. Akaona hii tu. Na kwa kuwa imetoka kwa mwalimu..." Hakumalizia.

Juu ya picha palikuwa na jina la mtumaji, jina lake yeye. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la haraka na lililokwisha kupangwa vizuri: mimi nilituma zoezi, wao ndio walioligeuza. Akalisikia kichwani kwa sauti ile ya simu, ile inayolia. Bomba jingine.

Akasimama mbele ya ubao, pale pale alipoahidi kumsimamisha mtu.

"Nani kasema?" aliuliza.

Hakuna aliyeimba. Baada ya muda sauti moja kutoka nyuma ikajibu, bila ukali, kama inavyojibu swali lolote, "Wewe, mwalimu."

Mkuu wa shule aliposikia alifunga mlango. "Sasa ndiyo usiseme kabisa. Watu wameshaanza kusahau."

"Wamesahau habari. Mama Barafu hawajamsahau."

"Nitalazimika kukuandikia barua."

"Iandike, Mkuu. Na uiwekee tarehe, jina na shahidi."

Alitoka humo. Akasimama chini ya ngazi, akarekodi sauti yake kwa makundi yote aliyoyajua, akataja jina lake, shule yake na siku ile. Hakulia. Alisema, "Hii sikuipokea kwa mtu. Niliandika mimi. Ilikuwa zoezi, nikalituma vipande viwili, kimoja kikasafiri bila mwenzake. Aliyevunjiwa kasha hana kosa lolote, na ninyi mliovunja mnajijua." Akaambatanisha picha zote mbili. Ujumbe wake ulisambaa polepole sana, kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Hakuna aliyeutuma "kwa wema".

Barua ya onyo ikaja, na kipindi cha Jumatano kikafutwa.

Alimkuta Mama Barafu nyumbani kwake, chumba kimoja chenye friji ndogo inayonguruma, amekaa mlangoni anasuka mkeka.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimekusikia kwenye simu." Hakuinua macho. "Huo msamaha nitauweka wapi? Kasha sina."

Mwalimu akachuchumaa kando ya mkeka.

"Juzi nimemwona yule mtoto wa jino bovu," Mama Barafu aliendelea, na sasa vidole vyake vilikuwa vinavuta ukindu kwa nguvu. "Kaling'oa. Miezi mitatu nimemsubiri aling'oe. Kaniona akavuka barabara mbio. Umenielewa, mwalimu? Mbio! Wewe unakuja na samahani, na mimi nina mtoto anayenikimbia."

"Niambie nifanye nini."

"Uliandika kwa mkono wako. Basi utakula kwa mdomo wako. Kesho mapumziko, getini. Na usije kula kitu usichokijua. Njoo alfajiri uone."

Alfajiri alikwenda. Aliyaona maji yakichemka, akaosha maembe, akafunga vifuko mpaka vidole vikafa ganzi. Saa nne kamili walikuwa getini, na kasha jipya ambalo mdogo wake alikuwa amelitafuta mji mzima bila kuambiwa, chini ya tangazo la Mkuu. Watoto walijazana ndani ya geti, hakuna aliyetoka.

Mwalimu alikula ya kwanza. Akala ya pili. Ya tatu ilimuuma meno mpaka machozi yakamlenga, na kila mtoto aliyemwona akinong'ona alitamani kumvuta sikio, kisha akakumbuka sikio la kuvutwa ni la nani.

"Ya nne," alisema Mama Barafu, bila tabasamu.

Hapo Kimya akatoka. Alisimama mbele ya mwalimu wake, mikono nyuma.

"Nani kasema ni salama?"

"Mimi."

"Ulikuwepo zikitengenezwa?"

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

"Maji yakichemka. Maembe. Mikono iliyooshwa. Zaidi ya hapo sikuona kitu."

Msichana akafikiri. Alifikiri muda mrefu, na mwalimu, ulimi umekufa kwa baridi, hakumharakisha.

"Basi naomba moja," alisema.

"Fungua mdomo," Mama Barafu akaamuru. Akamkagua meno, ya juu na ya chini. "Haya. Wewe nakuuzia."

Kengele ikalia. Mkuu wa shule alitokea kibarazani na kupiga makofi kuwaita watu ndani. Hakuna mtoto mwingine aliyetoka. Mama Barafu akafunua kitambaa, akatazama kasha lililokuwa bado limejaa, akachagua kifuko kingine.

"Kaa," alimwambia mwalimu. "Hatujamaliza."

Mwalimu akaking'ata.