Gari la Shuka na Ringi Zisizo Zake

Hana jeki isiyovuja. Hana gurudumu la akiba, wala hakuna duka lenye tairi linaloingia kwenye ringi za gari lake. Hana mgongo wa kuinamia kazi zaidi ya robo saa. Hana fundi, kwa kuwa mafundi wa mtaa wake walishamwambia waziwazi kwamba gari lile si la kutengenezwa tena, ni la kupandwa maua ndani. Na tangu mkewe afariki, hana mtu wa kumwita aache spana aingie ndani ale.

Alicho nacho asubuhi hii ni kipande cha boksi la biskuti.

Ni saa tatu. Dereva huyu wa miaka sitini na saba, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Shuka, amekalia debe lililopinduliwa mbele ya gari lake, upande wa kushoto. Gurudumu halipo. Mahali pake pana matofali manne na habu iliyo wazi, kile chuma kinachobeba gurudumu, yenye bolti tano zilizochomoza kama vidole. Analiweka boksi juu ya bolti, analigonga kwa kiganja mpaka kila bolti itoboe tundu lake, kisha analibandua na kulitazama kwenye mwanga.

"Hii ni picha ya mguu wake," anasema. "Nikienda kumtafutia kiatu siwezi kumbeba. Nabeba picha."

Gari lenyewe ni vani ya zamani, yenye uso wa duara na taa mbili zinazofanana na macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Kiwanda kiliacha kuiunda kabla binti yake wa pekee hajazaliwa. Alikuwa akiiendesha kwa niaba ya kiwanda cha mikate. Kiwanda kilipofungwa hakikuwa na fedha za kuwalipa watu, kila mmoja akapewa kitu. Yeye akapewa gari.

"Waliita kiinua mgongo," anasema, akijishika kiuno. "Mgongo wenyewe ndio huu."

Tangu hapo, yapata miaka kumi na tisa sasa, hubeba shuka. Huzichukua chafu kutoka nyumba tatu za wageni, huzipeleka kwa dobi aliye mlango wa pili kutoka kwake, na huzirudisha zikiwa zimepigwa pasi. Kwa hesabu yake, katika kila safari kumi, nne ni za mafuta, tatu ni za vipuri, na tatu zilizobaki ndizo zake.

Mwezi uliopita ringi mbili zilipasuka kwa kutu. Ringi ndicho chuma kinachoshika tairi, na za gari hili ni za kipimo ambacho hakiletwi tena. Alizichomelea, zikapasuka pembeni mwa weldingi. Wenye nyumba za wageni wamemvumilia, lakini si milele. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Kijana mmoja mwenye pikapu mpya ameshaanza kupita mapokezi kusalimia.

Tarehe hiyo hiyo ndiyo aliyopewa na binti yake. Binti ni muuguzi katika mji wa mbali, na amejenga chumba uani kwa ajili ya baba. Kina kitanda, kina pazia, kina feni. Yupo mtu anayetaka kukipanga.

"Ananiambia, 'Baba, gari likiwa limesimama mpaka mwisho wa mwezi, liuze kama chuma uje. Usipokuja nakipangisha, mimi nina mkopo.' Hasemi kwa ubaya. Nyumba ameijenga kwa jasho lake."

Kwa hiyo Mzee Shuka amechukua boksi lake na kwenda kwa muuza vyuma chakavu.

Huko magurudumu yamelazwa kwa mafungu nyuma ya uzio wa mabati. Anapita fungu baada ya fungu, anainama, analinganisha matundu ya boksi na matundu ya ringi, anainuka taratibu huku amejishika goti. Muuzaji, mtu mnene anayekunywa chai kwenye kopo la rangi, anamfuata kwa macho.

"Mzee wangu, unatafuta gurudumu au unapiga ramli?"

"Natafuta matundu matano yaliyoachana hivi."

"Gari gani?"

Anamtajia. Muuzaji anaweka kopo chini.

"Bado lipo? Mimi la mwisho nililiponda nikiwa sijaoa."

"Langu ndilo litakaloniponda mimi."

Adhuhuri boksi linakaa. Ni ringi za pikapu ya shamba, za kiwanda kingine kabisa, cha nchi nyingine. Hazijui udugu wowote na gari lake, ila matundu yao matano yameachana sawasawa na bolti zake tano. Ananunua tano, nne za kuvaa na moja ya akiba. Akiba yake ya miezi minne inaishia hapo.

Kasoro moja inaonekana hapo hapo. Tundu kubwa la katikati ni dogo kuliko kitovu cha habu yake, kwa unene wa kucha ya kidole gumba. Hilo anampelekea mkereza vyuma, ambaye ni kaka wa marehemu mkewe na kwa hiyo ni mtani wake wa kudumu.

"Shemeji," mkereza anamwambia huku akifunga ringi kwenye mashine, "dada yangu alinilalamikia kwamba unalipenda hili gari kuliko yeye. Nikamwambia avumilie, litakufa kwanza."

"Akatangulia yeye."

Mashine inazunguka. Unyoya wa chuma unachuruzika chini, unang'aa. Ringi ya pili inafungwa.

"Lete zote," anasema mkereza kwa sauti ya chini. "Utanilipa likishatembea."

Ringi zinarudi nyumbani Alhamisi. Anazivalisha tairi, anazipachika moja moja, anazifunga kwa nati zake za zamani, zile zile zilizoshika magurudumu tangu enzi za mikate. Hakazi kwa kuzunguka. Anakaza nati moja, anaruka moja, anakaza inayofuata, mpaka zote tano zimeshikwa sawa. Kwa kila gurudumu anapumzika mara mbili. Anapomaliza la nne, jasho limemloanisha mpaka mkanda.

Ijumaa asubuhi dobi anapakia mafurushi. Ni mwanamke wa makamo, mikono yake imechujuka kwa sabuni, na mdomo wake hauna likizo.

"Mzee Shuka, umelivisha gari viatu vya watu. Mwenye viatu akilikuta barabarani si atalikaba?"

"Ingia, mama. Kaa upande wa kushoto, usilale."

Mzee ana desturi moja asiyoivunja. Gurudumu likifungwa upya, husimama baada ya mwendo mfupi na kuzikaza nati tena. Anasimama kwenye kona ya kwanza. Spana inapokea nusu mzunguko. Anafurahi: chuma kinajilaza mahali pake. Anasimama kwenye kona ya tatu. Spana inapokea nusu mzunguko mwingine. Anafurahi tena.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiyekaza nati hawezi hata kulifanya. Nati iliyoketi vizuri hukaza mara ya pili kidogo, na mara ya tatu hukataa. Zake zilikuwa zikikubali kila mara. Alidhani zinajilaza, kumbe zilikuwa zinalegea.

Dobi ndiye anayesikia kwanza, akiwa ameketi juu ya furushi karibu na gurudumu la kushoto.

"Baba, kuna kitu kinagonga hapa chini."

"Ni mafurushi."

"Mafurushi ni yangu, nayajua. Hayagongi. Simamisha gari."

Walikuwa wanakaribia mteremko wa kuingia barabara kuu. Aliposimama na kushuka, gurudumu lilikuwa limeinama nje kama jino la mtoto. Nati mbili hazikuwapo. Matundu ya ringi yaliyokuwa duara yalikuwa yamegeuka yai.

Alikaa chini kando ya barabara, mgongo kwenye mlango wa gari, simu mkononi.

"Nilitaka nimpigie binti pale pale nimwambie aje anichukue," anasimulia. "Namba nilishaitafuta. Sikuwaza shuka wala nini. Niliwaza kile kitanda tu."

Dobi alishuka, akaketi kando yake juu ya furushi.

"Hao wageni walale kwenye magodoro matupu leo?"

"Mama, hukuona? Tungekuwa pale chini sasa hivi, mimi na wewe."

"Nimeona.  Lakini nimeshazifua. Kama unataka kulia, lia, halafu tupeleke shuka."

Hakulia. Alifungua nati moja kati ya tatu zilizosalia, akaigeuza. Kwenye tumbo lake palikuwa na mstari mmoja mwembamba unaong'aa, kama uzi. Hapo tu ndipo iliposhika, kwenye mstari. Nati za gari lake zina kitako cha mviringo kama yai, kwa kuwa ringi zake za asili zina midomo ya kikombe. Ringi za pikapu zina midomo ya faneli, na zinataka nati zenye kitako cha mshazari. Aliyapima matundu yote kwa boksi. Boksi halipimi mdomo.

"Miaka arobaini nafunga magurudumu," anasema. "Nisingechoka siku ile, ningeliona kwa kidole. Hata sikupapasa."

Alimwachia dobi gari, akarudi kwa muuza vyuma, ambaye alimpa nati za pikapu zile zile, akamtafuna kwa maneno kwa kutoziomba mwanzoni. Ringi iliyoharibika ilibadilishwa na ile ya akiba, kwa hiyo mzee amerudi pale pale: hana gurudumu la akiba. Mabati ya juu ya magurudumu nayo alilazimika kuyapinda kwa nyundo, maana tairi hizi ni pana na zilikuwa zikiyasugua mzigo ukijaa. Kwenye kona ya kwanza spana ilisogea kidogo. Kwenye ya tatu ilikataa. Alijaribu tena kwa uzito wake wote, ikakataa, naye akasimama pale ameishika kwa muda.

Gari linatembea. Limetembea wiki nzima sasa, na wenye nyumba za wageni wamemwambia kijana wa pikapu asante, wana gari.

Lakini ringi za kigeni zimesukuma magurudumu nje, na tairi pana zinang'ang'ania lami. Usukani umekuwa mzito. Gari hili halina msaada wowote wa kugeuzia ila mikono ya dereva. Kwenye lango la nyumba ya wageni ya pili, ambako kona ni ya ghafla, Mzee Shuka huulalia usukani kwa kifua ili ugeuke. Siku ya tatu mikono ilimgomea katikati ya kona, gari likazuia njia, magari ya nyuma yakapiga honi.

Dobi hakufanya mzaha siku hiyo. Alisubiri mpaka wamefika nyumbani.

"Baba, mimi leseni ninayo. Ipo ndani ya kopo la sabuni tangu nikiendesha gari la shule. Hii mikono inakamua mablanketi. Nipe usukani, wewe kaa upande wangu, usikilize magurudumu. Tugawane hizo safari tatu."

"Nikae juu ya mafurushi?"

"Mimi nimekaa miaka yote. Kuna ubaya gani?"

 Jioni ile Mzee Shuka alikwenda kukaa ndani ya gari peke yake, milango imefungwa, mikono juu ya usukani, gari limezimwa. Asubuhi ya siku ya pili alimgongea dobi akampa ufunguo. Dobi hakumtania.

Leo ni siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye meza ya pasi ya dobi, kati ya rundo la foronya na chupa ya maji ya kunyunyizia, Mzee Shuka anaandika barua. Simu ipo mfukoni.

"Kwenye simu ananishinda," anasema. "Atalia, nami nitasema ndiyo kwa kila kitu. Kwenye karatasi nafika mwisho wa sentensi."

Ameandika kwamba gari linatembea, ila si yeye anayeliendesha. Ameandika kwamba ataendelea kufunga nati na kusikiliza, na kwamba Alhamisi, siku isiyo na shuka, anakusudia kulala mpaka jua liingie dirishani, jambo ambalo hajalifanya tangu enzi za mikate. Amemwomba aje likizo apande gari, akae popote apendapo.

Sentensi ya mwisho imemchukua muda. Anaisoma kwa sauti, polepole: "Chumba mpangishe mtu, mwanangu. Lakini pazia usilitoe, nitakuja kulitazama."

"Ukishampangisha mtu, hakuna kurudi," dobi anamwambia bila kuinua pasi.

"Najua."

Anaikunja karatasi mara tatu, anaitia kwenye bahasha, analamba gundi na kuibana kwa ngumi. Haishiki vizuri. Dobi anaichukua, anaipitishia pasi ya moto mara moja, anamrudishia.

Posta ipo njiani kuelekea nyumba ya wageni ya kwanza. Dobi anasimamisha gari, Mzee Shuka anashuka kutoka juu ya mafurushi, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine. Karani anamuuliza kama barua ni ya haraka.

"Ya kawaida," anasema. "Ikifika upesi, atapanda basi aje anichukue."

Karani anaipiga muhuri na kumwonyesha sanduku. Anaingiza bahasha nusu. Anaishika ncha yake kwa vidole viwili, vyeusi kwa grisi, huku nje injini ikinguruma. Kisha anaiachia, na anabaki ameinama mpaka aisikie ikigonga chini.