Sala Iliyovuka Ukuta

Jumanne iliyopita nilishuka Namuwongo kutafuta fundi wa geti, nikajikuta nimesimama kando ya reli, pale ilipokuwa nyumba yetu. Sasa ni duka la simu. Mwenye duka akaniuliza, mzee unatafuta nini, nikamwambia sitafuti kitu. Nilidanganya. Mke wangu alikuwa nyumbani Mbuya akingoja kupasuliwa tumbo, na asubuhi ile aliniomba jambo moja tu, nimwombee kwa sauti. Nikamwambia nina haraka.

Wewe unanijua, rafiki yangu. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nyumba nimejenga, tena ya ghorofa, na ukuta wake mnene. Sijapiga magoti mbele ya mtu.

Pale relini mimi, baba na mdogo wangu tulikaa chumba kimoja na nyanya. Kati yetu na jirani palikuwa na fito na udongo, na ukuta wenyewe haukufika kwenye bati. Jirani alikuwa mama Mnubi, Mwislamu, msukaji wa vikapu. Akikaanga kitunguu, sisi tunameza mate. Mvua ikinyesha, maji ya mtaro yanaingia kwetu na kwake, tunayachota kwa sufuria, na vyura wanaimba chini ya kitanda.

Nyanya alisali jioni huku akichagua mawe kwenye maharage. Hakufumba macho. Alisema na Mungu kama na mtu aliyekaa naye mkekani: "Baba, posho imeisha. Mwanangu kibarua kimesimama. Huyu mdogo anaharisha tangu juzi, na mimi naogopa." Upande wa pili mama Mnubi anaitikia, amina. Asubuhi unakuja uji kutoka kwake, au mukene, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na kisra, ile mikate yao myembamba.

Nilikula, tena nikalamba vidole, lakini niliona haya. Bombani watoto wenzangu walikuwa wananisubiri na madumu yao. Wakanicheka kwamba Mungu wetu ni mzito wa masikio, wao husikia kabla yake. Wakanipa na jina, Posho Imeisha, likanifuata mpaka nikaota ndevu.

Siku moja nikamwambia nyanya asali kwa sauti ya chini, watu wanasikia. Hakukasirika. Alitupa jiwe moja nje, akasema, "Mungu si mgeni, mjukuu wangu. Meza ikivunjika, usimfunikie kwa kitambaa."

Sikumsikiliza. Nikaapa kwamba nikiwa mtu mzima hakuna atakayeijua njaa yangu. Nikauza vyuma chakavu sokoni Nakivubo mpaka mikono ikawa kama ngozi ya kenge, nikapanda mlima, nikajenga Mbuya. Kanisani mimi ndiye husimama kuombea sadaka. Sala yangu ni ya shukrani tupu, imepigwa pasi kama shati la Pasaka.

Jioni ile nilirudi, nikamkuta mke wangu anakunja kanga za kwenda nazo hospitali. Nikakaa kitandani. Nikaanza na maneno yangu ya kanisani, Ewe Mwenyezi uliyetukuka, yakaishia hapo hapo. Nikatafuta mengine, sikuwa nayo. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba, naogopa. Usimchukue huyu. Sijui kuishi bila yeye."

Mke wangu hakuitikia amina. Aliweka kanga chini, akaniangalia kana kwamba nimeingia chumbani sasa hivi.

"Kumbe na wewe unaogopa," akasema. "Mimi tangu daktari aseme, naogopa peke yangu humu ndani."

Tunalala kitanda kimoja. Mgongo wake naujua kuliko kiganja changu. Na yeye usiku kucha alikuwa peke yake, kwa sababu mume wake hataki kusikika.

Vile vyumba vya reli vimebomolewa. Nyanya amelala kaburini kwake, mama Mnubi kwake. Huku juu kila mtu na geti lake na mbwa wake, na jirani yangu wa kulia hata jina lake silijui. Ijumaa hii mke wangu anapasuliwa. Nimekaa nikifikiria nimwambie nani atuombee, mtu wa kumwambia bila kuvaa koti. Naona haya kusema, rafiki yangu, lakini wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.