Ijumaa za Baiskeli Olumbi

Mafuta ya nazi yakipashwa moto kidogo na kukorogwa pamoja na majivu yaliyochekechwa hutoa harufu nzito, tamu mwanzoni kisha kali puani, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri baba yangu, Mussa, alitandika mkeka uani, akaileta baiskeli yake kama mtu anayemleta mgonjwa juani, akaanza kuisugua. Mimi, Rehema, mtoto wao wa kwanza, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba yetu ya Olumbi ilikuwa karibu na barabara iendayo Palma, na wapita njia walisimama kumtazama. Fremu ya baiskeli ile aliikuta katika shamba la minazi lililoachwa tangu wakati wa Mreno, mmea wa kutambaa umepita katikati yake na mchwa wamejenga juu ya usukani. Aliibeba begani hadi nyumbani, mama akamcheka. Ilimchukua miaka miwili kuifufua. Habu za magurudumu na cheni aliletewa kutoka Mtwara na watu waliovuka Ruvuma, madigadi aliyafua mwenyewe kutoka kwenye pipa, na rangi ilikuwa ya buluu, masalio ya rangi ya mashua. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, mtu wa maneno machache, lakini ukimuuliza habari za baiskeli ile ulikuwa umekaribisha mazungumzo ya saa nzima.

Ijumaa, baada ya sala, wanaume walikutana kwenye uwanja ulio mbele ya bohari kuukuu. Walikuja na kanzu zao bado zimenyooka, kila mmoja akikokota baiskeli yake, kwa kuwa kuipanda njiani kungeichafua kabla haijatazamwa. Siku nzuri nilihesabu baiskeli kumi na nane. Zilikuwepo za zamani zilizofufuliwa, kama ya baba, na mpya zilizotoka dukani zikiwa bado na plastiki kwenye tandiko. Walizipindua matandiko chini magurudumu juu, wakayazungusha, kisha wote wakanyamaza kusikiliza. Gurudumu lililozunguka muda mrefu bila kelele lilimpa mwenyewe heshima ya wiki nzima. Mjomba Shabani, kaka yake mama, alikuwa amefunga vioo vinne na maua ya plastiki kwenye usukani, na alijua kila mtu anamcheka, na hakujali. Halafu zilikuja mbio za taratibu. Aliyefika mwisho bila kugusa chini kwa mguu ndiye mshindi, nasi watoto tulipiga kelele kumshangilia mtu ambaye karibu hasogei.

Mpinzani wa baba alikuwa mgeni. Aliitwa Senyori Arlindo, karani wa ofisi ya serikali, aliyeletwa kutoka Inhambane, mbali sana kusini. Hakuwa na mke wala mtoto pale Olumbi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku ya kwanza aliyoingia uwanjani na baiskeli yake nyekundu yenye gia na springi mbele, hakuhitaji kusema lolote. Wanaume waliizunguka kama wanaotazama bibi harusi. Baba aliikagua kimya, akaiinua kwa mkono mmoja kuipima uzito, kisha akauliza, "Keria iko wapi?"

"Haina keria, mzee Mussa. Hii ya mbio."

"Sasa mkeo utampakia wapi?"

"Sina mke."

"Ndiyo maana," alisema baba, na uwanja mzima ukaangua kicheko, Senyori Arlindo akicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kubishana. Kila Ijumaa mmoja alisema chuma cha zamani hakina mfano, mwingine akasema chuma cha zamani kina kutu tumboni. Jioni karani alipita kwetu kula wali, na mdogo wangu Idi, mwenye miaka minne, alipandishwa kwenye tandiko lile jekundu akaipiga kengele mpaka mama akaziba masikio.

Msimu ninaosimulia ndio huo, lakini haukukaa hivyo. Habari za vita zilikuwa zikitoka kusini, kwanza vijiji vya mbali tulivyovijua kwa majina tu, Quiterajo, Mucojo, kisha vijiji ambako tulikuwa na ndugu. Malori yaliacha kupita. Sabuni ikakosekana, chumvi ikafuata, halafu dawa kwenye zahanati. Majirani waliondoka familia moja moja, wakiacha milango imefungwa kwa kamba ya mkonge kana kwamba watarudi kesho. Baiskeli uwanjani zikawa kumi na mbili, zikawa saba. Jambo lililonishangaza ni kwamba kadiri zilivyopungua, ndivyo waliobaki walivyozidi kuzipamba. Walibishana juu ya spoku na breki kwa sauti kubwa kuliko zamani, na mtu akitaja moshi ulioonekana mahali, mwingine alimkatiza kwa kuuliza bei ya tairi. Leo naona kwamba walikuwa wanaogopa mno. Siku zile sikuona, nilimwona baba yangu tu akisugua chuma.

Wiki ya mwisho Idi alishikwa na homa. Ilianza Jumatano, kufika Alhamisi alikuwa hali kitu, midomo imempasuka, mwili unawaka. Mama alimfuata baba uani, akasimama juu ya mkeka.

"Baba Rehema, mtoto huyu apelekwe Palma leo."

"Kesho kuna uwanja. Tumebaki wanne. Nisipokwenda mimi umekufa," alijibu baba. "Jumamosi alfajiri nampakia, nakuapia."

"Umekufa nini? Uwanja?"

Baba aliinama akaendelea kusugua. Ijumaa asubuhi na mapema aliifungua baiskeli yote. Hakuwahi kuifungua kiasi kile. Magurudumu yote mawili yalitoka, cheni ikalazwa kwenye mafuta ya taa, gololi za habu zikawekwa ndani ya bakuli la uji la Idi. Alitaka siku hiyo gurudumu lake lizunguke kuliko siku zote.

Jua lilikuwa halijapanda sana tuliposikia milio upande wa kusini, mikavu na ya haraka, halafu watu wakaanza kupita barabarani mbio, wengine bila viatu. Mjomba Shabani alipita akiwa amempakia mkewe na watoto wawili, vioo vyote vinne vikimeta, akapiga ukelele, "Mussa, toka!" Baba alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Alichukua gurudumu la nyuma akajaribu kulirudisha, gololi zikammwagika mchangani, akaanza kuziokota moja moja, akizipuliza vumbi, moja moja, mpaka mama alipomshika ukosi wa shati akamvuta kama anavyovutwa mtoto. Tulitoka kwa miguu. Baba alimbeba Idi, mama alibeba furushi, mimi sufuria. Nyuma yetu baiskeli iliyochukua miaka miwili ilibaki uani, vipande vipande.

Hatujafika mbali Idi akaanza kukakamaa mikononi mwa baba. Macho yalipinduka, povu likamtoka. Tuliketi kando ya barabara, mama akimpepea kwa kitambaa cha kichwa huku watu wakituruka. Hapo ndipo Senyori Arlindo alipofika, amefunga begi la karatasi za ofisi kifuani. Angeweza kupita. Alisimama, akamtazama Idi, akalitupa begi lile mtaroni.

"Nipeni," alisema. "Palma hospitali ipo. Mimi masaa mawili, matatu, nafika. Nyinyi kwa miguu hamfiki."

"Utamweka wapi?" aliuliza baba, na safari hii hapakuwa na mzaha, lilikuwa swali la mtu aliyekata tamaa.

Karani aligeuka, akainama, akatutegea mgongo. Mama alivua kanga yake ya juu, akamlaza Idi pale mgongoni, akamfunga kama wanawake wanavyofunga watoto, fundo moja kifuani, jingine kiunoni, akalikaza kwa meno. Sijaona tena mwanaume wa ofisini, mwenye shati la mikono mirefu, amebeba mtoto mgongoni kwa kanga. "Mlango wa hospitali," alisema, "nawangoja mlangoni." Akapanda, akabadilisha gia, akaondoka. Kichwa cha Idi kilikuwa kimelala upande mmoja. Nilikitazama mpaka barabara ilipopinda.

Hatukufika kwenye mlango huo. Mchana, watu waliokuwa mbele yetu walianza kurudi wakikimbia, wakasema barabara imekatwa. Tuliingia msituni upande wa machweo, tukatembea siku tisa, tukinywa maji ya madimbwi na kula mihogo mibichi ya mashamba tusiyoyajua, mpaka tukatokea Nangade. Huko tukasikia kwamba Palma nayo imekimbiwa, na wengi wamepanda vyombo vya baharini kwenda Pemba, ule mji wa kusini, si kile kisiwa, au popote. Simu ya baba ilikuwa imezama mtoni. Namba ya karani hakuna aliyeikariri.

Kambi tulizokaa zilikuwa tatu, na katika zote baba alifanya jambo lile lile. Kila kundi jipya lilipowasili, alikwenda kuwapokea, akauliza, "Mmeona baiskeli nyekundu, ya gia, haina keria?" Mama alimfokea kwa nini anaulizia baiskeli badala ya kumuulizia mwanawe. Alisema watoto ni wengi mno barabarani, hakuna anayewakumbuka, lakini baiskeli ile aliyeiona hawezi kuisahau. Siku moja mvuvi wa Palma alimjibu kwamba ameiona, imelala ufukoni, gurudumu moja limefukiwa na mchanga, mwenyewe hayupo. Baba alirudi turubaini, akaketi akatazama mikono yake. Hakuuliza mtu tena. Mama aliacha kula chakula cha mchana, akasema hicho ni cha Idi, na kila siku alinipa mimi nikile nje asikione. Hakumlaumu baba kwa maneno. Aliacha tu kumwita Baba Rehema. Alimwita "wewe".

Ulipita mwaka na nusu. Kisha msichana aliyekuwa akiandikisha majina kambini alimuuliza baba kama yeye ndiye Mussa wa baiskeli, wa Olumbi. Alikuwa ameliona jina hilo kwenye orodha ya watoto wanaotafutiwa wazazi. Aliyeliandikisha alikuwa karani mmoja, na ameliandikisha Pemba, Nampula, na kila mahali alipopita. Tulipigiwa simu siku hiyo hiyo. Mama aliishika kwa mikono miwili. "Idi, mwanangu, Idi," alisema, "ni mimi mama." Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, halafu sauti ya mtoto ikauliza, "Quem é?" Mama akanigeukia. "Anasema nini?" Nilikuwa nimekisoma Kireno shuleni. Sikuweza kumwambia kwamba mwanawe anauliza yeye ni nani. Nilisema simu haisikiki vizuri.

Tulikutana Pemba, kwenye kituo cha mabasi. Idi alikuwa amenenepa, amevaa viatu na soksi, anashika shati la Senyori Arlindo kwa ngumi. Baba alipiga magoti mbele yake, mtoto akajificha nyuma ya mguu wa karani na kumwita pai, yaani baba. Karani alikuwa amekonda, mvi zimemwanza. Alizungumza kwa Kireno, nami nikafasiri. "Alipona Palma, usiku wa pili homa ikashuka. Nilingoja pale mlangoni siku nne. Tukaondolewa kwa boti, baiskeli ikakataliwa, nikaiacha. Nilidhani mmekufa wote. Nilimruhusu aniite pai ili naye awe na mtu wa kumwita." Baba aliushika mkono wake akaubusu kama unavyobusiwa mkono wa shehe, na Senyori Arlindo akauvuta, akasema hapana, hapana. Karani alipopanda basi la kurudi, Idi alilia akijirusha chini, ikabidi baba amshike kwa nguvu. Niliona uso wa karani dirishani. Nilikuwa nimekuja Pemba nikidhani tumemaliza kupoteza.

Sasa nina miaka ishirini na tulirudi Olumbi miaka miwili iliyopita. Pikipiki za Kichina zimejaa, na vijana huzipamba taa za rangi wakabishana juu ya injini zao kwa kelele zile zile. Mjomba Shabani hakuonekana tena, wala mkewe, wala wanawe. Baba hutengeneza baiskeli za watu kwa ajili ya kula, lakini hafungui magurudumu mawili kwa wakati mmoja, hata mteja akibembeleza. Zamani nyumba yetu ilikuwa na kelele, mama akicheka, baba akijisifu. Leo tuna paa la bati na kila mtu yupo, na tunazungumza kwa uangalifu kama wageni. Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, anakwenda kila alasiri kwenye darasa la watu wazima, na daftari lake limejaa maneno ya Kireno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa zinazoyumba.

Masika haya Idi aliugua tena. Ana miaka kumi na miwili, anaongea Kiswahili kama sisi, anacheza mpira na wenzake. Adhuhuri moja homa ilimpanda akaanza kuweweseka. "Pai," aliita. "Pai, pai." Baba alikuwa uani. Alikuja mbio, akafika mlangoni, halafu akasimama pale pale, akajua kwamba anayeitwa si yeye. Mama aliketi kwenye mkeka, akamwekea kitambaa chenye maji kwenye kipaji cha uso, akasema polepole, akitafuta kila neno, "Estou aqui, filho. A mãe está aqui." Nipo hapa, mwanangu, mama yupo hapa. Idi alinyamaza. Mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa kuwa alimsikia mama, au kwa kuwa pai aliyemwita hakuja.